Kijumba cha Uani Kisichoogopa Masika



Katika mkutano wa tawi uliopita, mzee wetu mmoja alinijia baada ya dua akatoa picha mfukoni. Aliyempelekea ni mwanawe aliyeko Ulaya. Ilikuwa picha ya kijumba kidogo kizuri kilichosimama bustanini, nyuma ya nyumba kubwa, na kuta zake ni magogo matupu yaliyolazwa moja juu ya jingine. Akaniambia, "Katibu, wajukuu wamekuwa vijana, na nyumba yangu ni ile ile ya vyumba viwili. Minazi mizee ninayo. Nikiiangusha, nitapata kijumba kama hiki?"

Nilimwahidi kumjibu katika gazeti letu, kwa kuwa swali hilo si lake peke yake. Wengi wetu tumebanwa. Mafunzo ya dini yetu yatutaka tuwatenganishe watoto malazi wafikapo miaka kumi, lakini utawatenganisha vipi na chumba hakipo? Msimu wa karafuu ukifika huja jamaa wa kuchuma, na wao pia wataka pa kulala. Mzazi akizeeka yataka awe karibu nasi, awe na mlango wake mwenyewe. Kwa hivi chumba cha uani si anasa. Ni haja ya nyumba, na haja ya nyumba yafaa isomwe kama tusomavyo habari za miche na uanikaji.

Somo la mwezi huu basi ni hili: namna ya kujenga kijumba cha chumba kimoja uani, cha miti na udongo, kitakachosimama miaka mingi. Jambo moja nataka kila mwanachama alishike: kijumba cha udongo hakiuawi na uzee, huuawa na maji. Mwenye kuyazuia maji amejenga, na asiyeyazuia amefinyanga tu.

1. MAGOGO YA WENZETU NA MITI YETU

Kwanza nijibu habari ya ile picha. Vijumba vya magogo ni vya asili katika nchi za baridi, kama vile Norway, Finland, Sweden na Urusi. Huko iko misitu mikubwa ya misonobari, miti iliyonyooka kama mlingoti. Wenyeji huyalaza magogo, kila gogo hutiwa pengo karibu na ncha yake ili liumane na mwenziwe pembeni, na nyufa huzibwa. Ukuta mnene wa mti huzuia baridi isiingie na joto la moto lisitoke. Hiyo ndiyo hikima yake.

Sisi hatuna baridi ya kuizuia. Maadui wetu ni joto, mvua na mchwa. Gogo lililolala juu ya gogo, likipigwa na mvua ya masika, hushika maji katikati, na mahali pa maji pana kuoza. La chini kabisa likikaribia ardhi, mchwa hawangoji kualikwa.

Tena tufanye hesabu. Chukua chumba cha futi 12 kwa 10, kuta zake futi 8 kwenda juu. Gogo la mnazi lenye unene wa inchi 10 litataka magogo 10 kwa kila ukuta, yaani 40 kwa kuta nne. Mnazi mmoja ukitoa magogo matatu yaliyo mazima, utaangusha minazi 13 au 14 kwa chumba kimoja. Minazi hiyo ikiwa bado yazaa, mmekula mbegu mkasahau mavuno.

Ama mnazi uliokoma kuzaa, huo usiupoteze. Lakini ujue tabia yake. Mti wa mnazi ni mgumu upande wa nje na mwororo katikati, na chini ni mgumu kuliko juu. Ukifukiwa ardhini huoza upesi. Mpe fundi wa msumeno akupasulie mbao za upande wa nje, uzitumie penye kivuli na ukavu: miimo ya mlango, madirisha, kitanda na uchaga.

Na mkarafuu, ndugu zangu, tusiutazame kamwe kwa jicho la kujengea. Sheria yakataza kuukata bila ya ruhusa, na hata kama isingekataza, nani amchinjaye ng'ombe wa maziwa ili apate ngozi ya ngoma?

Basi jibu langu kwa mzee wetu ni hili. Miti ya wenzetu imelala, yetu na isimame. Wazee wa visiwa hivi walikwisha tuonyesha njia: nguzo zilizosimama, fito zilizofungwa, udongo uliokandikwa, na paa kubwa juu yake.

2. MKOKO NA MAJINA YAKE

Mti uliojenga pwani yetu ni mkoko na jamaa zake wa maji ya chumvi, kama vile mkandaa. Hauliwi na mchwa kwa urahisi, na ukiwa mkavu una nguvu sana. Huuzwa kwa korija, na korija ni miti 20. Huitwa kwa unene wake: mwembamba kabisa ni fito, wa pili ni pau, kisha mazio, kisha boriti, kisha nguzo. Mwenye kwenda kununua na ayajue majina haya, asije akalipa bei ya boriti akapewa mazio.

Mti huu ndio uliopima vyumba vya wazee wetu. Ukiingia nyumba za mawe za zamani, Mji Mkongwe wa Unguja au Lamu, utaona vyumba ni virefu lakini ni vyembamba, kama futi 9 au 10 hivi. Sababu si kukosa kiwanja. Dari ilishikwa na boriti, na boriti haikuweza kuvuka upana zaidi ya huo bila ya kupinda. Majahazi yalizichukua boriti hizo mpaka Ghuba ya Uajemi, na huko nako zikapima vyumba vya watu. Ndiyo sababu chumba chetu cha somo hili kina upana wa futi 10 tu.

Lakini mikoko si mali ya kukatwa ovyo. Hulinda fukwe zisiliwe na bahari, na samaki na kaa hukulia katika mizizi yake. Sheria ya Misitu ya Zanzibar, Nambari 10 ya 1996, yataka ruhusa. Nenda kwa sheha wako kwanza, kisha kwa watu wa misitu, na ununue kwa muuzaji mwenye kibali. Ukikosa mikoko ya kutosha, itumie kwa nguzo tu, na kwa paa tumia mvinje au mkaratusi wa kupandwa. Miti hiyo huliwa na mchwa zaidi, lakini paani iko mbali na ardhi.

3. KISA CHANGU MWENYEWE

Sifundishi kwa kitabu tu. Miaka minane iliyopita nilimjengea mama yangu kijumba uani. Baba alikuwa amefariki, na mama hakutaka kuwa mgeni katika chumba cha wajukuu. Nilikuwa na fedha ya karafuu mkononi na haraka kichwani. Nilianza mwisho wa Februari. Nilichagua mahali chini ya mteremko kwa kuwa palikuwa pamesawazika, nikaokoa kazi ya siku mbili. Udongo niliuanzisha pale pale ardhini. Paa nililipunguza, likatokeza nje shibiri moja tu, nikaokoa makuti. Kwa macho kijumba kilipendeza. Nilikipaka chokaa, na jirani wakanipa hongera.

Mvua ya masika ilikuja na ukuta bado mbichi kwa ndani. Usiku wa tatu wa mvua kubwa nilisikia kishindo. Nilitoka na taa. Ukuta wa upande wa mteremko ulikuwa umelala nje, na mama amekaa kitandani, buibui limemfunika kichwa, miguu yake imo majini. Ukuta ungeangukia ndani, nisingekuwa nikiyaandika haya kwa moyo niliokuwa nao leo.

Mama hakunilaumu. Alikusanya mkeka na mto wake, akaja kulala ukumbini kwangu, na alilala pale mwaka mzima. Kila usiku nilipokuwa nikipita kwenda chumbani kwangu nilimruka mama yangu. Aliyekwisha kuruka hivyo ndiye ajuaye.

Asubuhi yake nilimwita fundi mzee wa kijiji chetu, nikamwambia kwamba udongo wa pale haufai. Alichukua donge, akalifinya, akalinusa. Akasema, "Mwanangu, udongo hauna lawama. Lawama ni ya aliyeuacha ukasimama majini." Kisha akanionyesha kwa fimbo yake njia tatu za maji: yale yapandayo kutoka chini, yale yapigayo kutoka ubavuni, na yale yashukayo kutoka juu. Yote yaliyobaki katika somo hili ni mafundisho ya fimbo ile.

4. MAHALI

Chagua mahali palipoinuka kidogo. Kama ni mteremko, chimba mfereji upande wa juu, wenye umbo la mwezi mchanga, uyapitishe maji kando kabla hayajafika nyumbani. Usijenge chini ya mnazi, kwa sababu ya nazi na makuti yaangukayo, wala chini ya tawi la mkarafuu, maana tawi lake huvunjika upesi. Usikate mizizi mikubwa ya mkarafuu kwa ajili ya msingi. Jiweke mbali na choo na na jiko la kuni.

Kabla ya kupiga kigingi, mwite sheha na jirani mtazame mpaka pamoja. Ukuta ni rahisi kuujenga kuliko kuuhamisha, na ujirani uliovunjika hauna fundi.

5. MGUU WA NYUMBA: KUYAZUIA MAJI YA CHINI

Piga vigingi vinne, ukamba uzunguke, futi 12 kwa 10. Pima pembe hadi pembe kwa mshazari. Kamba zote mbili zikilingana, chumba kimenyooka.

Chimba mashimo ya nguzo kila baada ya futi 2, kwenda chini futi 2. Mzunguko wa chumba ni futi 44, kwa hivi nguzo ni 22. Nguzo ziwe za futi 10 zilizobanduliwa ganda na kukauka. Sehemu ya chini ipakwe lami. Chini ya shimo tia vijiwe vya ukubwa wa ngumi, usimamishe nguzo juu yake, kisha ushindilie mawe pembeni, wala si udongo mtupu. Maji yakiingia yatapata pa kutokea.

Sasa ndilo jambo nililoliacha mimi. Katikati ya nguzo na nguzo jenga mawe kwa chokaa au saruji, yapande futi moja na nusu juu ya ardhi. Udongo uanze juu ya jiwe. Usiuache uguse ardhi hata mahali pamoja. Jiwe hilo lina kazi mbili. Huzuia unyevu usipande, na huwafichua mchwa, kwani hawawezi kupanda ukutani bila ya kujenga vijia vyao vya udongo juu ya jiwe, nawe utaviona na kuvifuta.

Ndani jaza kifusi, ushindilie, sakafu iinuke futi moja kuliko ardhi ya nje.

6. PAA KWANZA, KUTA BAADAYE: KUYAZUIA MAJI YA JUU

Watu wengi hukandika kwanza kisha wakaezeka. Wamepindua mambo. Ezeka kwanza, upate kukandika chini ya kivuli. Udongo utakauka polepole bila ya kupasuka sana, na mvua ikija ghafula haitaukuta uchi.

Juu ya nguzo laza miamba, yaani miti minene ipitayo juu ya vichwa vya nguzo pande zote, uifunge sawasawa. Kisha simamisha makombamoyo kila baada ya futi 2. Kwa paa la urefu wa futi 16 utataka jozi 9, yaani miti 18. Pitisha pau chache za kulala ili makombamoyo yasicheze.

Paa liwe la mwinuko. Kwa makuti, kila futi moja ya kwenda ndani iwe na futi moja ya kwenda juu. Paa la bapa huyaweka maji badala ya kuyatupa, nalo huoza mapema. Na paa litokeze nje ya ukuta si chini ya futi 2 pande zote. Hapo ndipo fundi aliponipiga kidole kifuani akisema, "Shibiri yako hii ni ya kumkinga kuku."

Makuti ya viungo yafungwe yakipandana, kila safu inchi 4 juu ya mwenziwe. Ukiyaachanisha kwa inchi 8 utaokoa nusu ya makuti na utaezeka tena kabla hujamaliza deni. Makuti mazuri juu ya paa la mwinuko hukaa miaka mitatu hadi mitano. Mwenye uwezo wa bati na aezeke bati, lakini ajue kwamba mchana chumba kitakuwa cha moto, na ayapigilie vizuri, kwani upepo wa kusi hauna simile.

7. KUTA: KUYAZUIA MAJI YA UBAVUNI

Funga fito za kulala nje na ndani ya nguzo, kila baada ya inchi 6, kwa kamba ya usumba au ya nailoni. Kati ya fito tomea vijiwe, navyo vifanye kazi ya kuubana udongo.

Udongo ujaribiwe kabla ya kukandikwa. Finyanga donge la ukubwa wa chungwa, lianike juani siku tatu. Likipasuka, udongo una mfinyanzi mwingi, uongeze mchanga. Likimomonyoka kwa kidole, una mchanga mwingi, uongeze udongo mwekundu. Likibaki zima na gumu, ndilo. Uchanganye na majani makavu yaliyokatwakatwa, uuloweke usiku kucha, na asubuhi ukanyagwe kwa miguu mpaka usishike kidole.

Kukandika ni kazi ya msaragambo. Mtu peke yake atachukua mwezi, na majirani kumi watamaliza siku mbili kwa chungu cha pilau. Baada ya hapo acha ukuta ukauke wiki tatu. Utapasuka, usiogope, ndiyo desturi yake. Kisha uusiribe kwa udongo laini zaidi uliochanganywa na mchanga, uzibe nyufa zote. Ukikauka tena, upake chokaa mara mbili au tatu, nyepesi nyepesi.

Hapa nina onyo. Wako wapigao lipu ya saruji nzito juu ya udongo, wakidhani wameutia nguvu. Saruji ni ngumu na haipumui, udongo ni mwororo na hupumua. Havishikamani. Saruji hupasuka, maji huingia kwa nyuma yasipate pa kutokea, na siku moja ganda lote huanguka na udongo wake. Chokaa ndiyo mwenzi wa udongo.

8. HEWA NA MOTO

Weka madirisha mawili yatazamanayo, moja upande wa kusi na moja upande wa kaskazi, ili chumba kipate hewa majira yote. Yatie wavu wa mbu. Usipike ndani, wala usisimamishe jiko chini ya upenu wa makuti. Karafuu zilizokauka usizihifadhi katika chumba cha kulala. Zataka uchaga wake, mbali na ukuta na unyevu wa pumzi za watu.

9. VIFAA KWA UFUPI

Kwa chumba cha futi 12 kwa 10, kuta futi 8:

Nguzo za futi 10: korija moja na miti miwili.
Mazio ya makombamoyo: miti 18.
Miamba na pau: korija moja yatosha.
Fito za futi 10: korija 6. Ni mizunguko 28, yaani 14 nje na 14 ndani, ukiondoa nafasi ya mlango na madirisha.
Makuti ya futi 5: 240 kwa pande mbili za paa, lakini agiza 300, kwa ajili ya mgongo wa paa na zile pande mbili za pembe tatu.
Mawe, chokaa, mchanga, lami na kamba kwa kadiri ya mahali.

Bei sikuziandika, maana hubadilika kutoka Wete hadi Mkoani. Peleka hesabu hii kwa wauzaji wawili kabla ya kulipa.

10. WAKATI

Miti ikatwe au inunuliwe mapema ipate kukauka. Mavuno yakimalizika Desemba, nguzo na paa zisimame Januari. Ukiingia Februari hujaanza kukandika, simama. Acha paa lako likae bila ya kuta mpaka masika yapite, ukandike kipupwe. Paa lisilo na kuta halimwui mtu. Kuta mbichi katika masika zaweza kuua. Haya nayasema kwa aliye na fedha mkononi na haraka kichwani, kama nilivyokuwa.

11. KUKITUNZA

Kila mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli, zunguka nyumba na mtoto mmoja ili naye ajifunze. Tazama vijia vya mchwa juu ya jiwe. Ziba kila ufa kwa udongo siku hiyo hiyo, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta. Safisha mfereji. Badilisha makuti yaliyotoboka. Paka chokaa upya. Kazi yote ni ya siku mbili, na siku mbili hizo ndizo umri wa nyumba.

MASWALI YA KUJADILI TAWINI

1. Maji hufika kwenye ukuta wa udongo kwa njia ngapi, na kila njia huzuiwa na nini?
2. Kwa nini udongo usianze ardhini?
3. Chumba chako ni futi 14 kwa 10. Ukisimamisha nguzo kila baada ya futi 2, utataka nguzo ngapi?
4. Kwa nini paa litangulie kuta?
5. Nani katika tawi letu anaishi katika kijumba chenye paa fupi au ukuta uliofura kwa chini? Tufanye nini kabla ya masika?

Swali la tano ndilo nitakalo lijibiwe kwa mikono, si kwa midomo. Kila tawi lichague siku moja ya msaragambo, likaanze kwa wajane na wazee.

Kijumba cha mama nilikijenga upya mwaka uliofuata, juu ya jiwe, chini ya paa pana, pale pale uani lakini upande wa juu wa mteremko. Fundi mzee alikikagua, akaegemea ukuta kwa bega lake, asiseme neno, akaomba maji ya kunywa. Masika sita yamekipita. Mvua ikinyesha usiku huamka kwa mazoea, nikatoka na taa hadi mlangoni kwake. Mama huniambia kutoka ndani, "Nenda kalale, mwanangu. Huku kukavu."

Namwomba Mwenyezi Mungu kila mwanachama aliye na mzazi au mtoto wa kumjengea asikie maneno kama hayo.

Wenu katika kazi,
Katibu